Uso Unaong'aa Kabla ya Saa Sita



Nimeombwa nizungumzie ngozi ya uso yenye mafuta kwa mtu mzima. Naanza na malalamiko ambayo kila anayehudumia ngozi katika pwani hii anayafahamu: "Daktari, mimi si mtoto. Chunusi nilimalizana nazo shuleni, sasa nina watoto wangu mwenyewe. Mbona uso bado unatoa mafuta?" Anayesema hivyo huwa ameshabadilisha sabuni mpaka amechoka. Ngozi ya pembeni mwa pua inabanduka, mashavu yanawasha, na bado ukimgandamiza paji la uso kwa karatasi ya shashi, karatasi inatoka na doa la mafuta linalopitisha mwanga. Amekaukiwa na ana mafuta kwa wakati mmoja, na hajui alaumu nini.

Nitakachosema leo kinatoka katika jambo moja. Mafuta hayo yanatengenezwa na tezi zilizo ndani ya ngozi, tezi hizo zinatii homoni, na karibu kila kitu tunachokifanya kwa hasira juu ya ngozi hakiifikii tezi. Kinachoumia ni ngozi yenyewe.

Tuiangalie tezi kwa karibu. Imejibanza pembeni mwa kinyweleo na mdomo wake unafungukia humo. Usoni na kichwani tezi hizi zimesongamana sana, kiasi kwamba sentimita moja ya mraba inaweza kuwa na tezi 400 hadi 900. Viganjani na kwenye nyayo hakuna hata moja. Kule ni jasho tu. Ndani ya tezi, seli huzaliwa ukingoni, hujaa mafuta taratibu huku ikisukumwa kuelekea katikati, kisha hupasuka na kufa, na mafuta yake ndiyo yanayopanda hadi juu ya ngozi. Kumbe kile unachokifuta kwa leso mchana ni mabaki ya seli zilizojitoa mhanga. Tangu seli izaliwe hadi ipasuke hupita wiki mbili hadi tatu. Naomba muda huo muukumbuke, kwa sababu krimu inayoahidi kumaliza mafuta ndani ya siku tatu haijagusa tezi. Labda imekausha juu, labda imeunguza.

Na mafuta yenyewe si uchafu. Yanalainisha ngozi, na yanapanda na vitamini E ambayo huilinda dhidi ya jua na hewa chafu. Ugomvi wetu ni juu ya wingi wake tu.

Nani anaiamuru tezi? Mwaka 1941 Mmarekani James Hamilton alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuwa na chunusi. Walipopewa testosteroni, chunusi zikatokea. Tangu hapo hakuna aliyetilia shaka kwamba homoni za kiume ndizo zinazoiamsha tezi, na wanawake nao wanazo, ila kwa kiasi kidogo. Mtoto mchanga huzaliwa na tezi kubwa kwa sababu ya homoni alizozikuta tumboni. Zikishapungua, tezi husinyaa na kulala kwa miaka kadhaa, kisha huanza kuchangamka akiwa na miaka minane au tisa, na balehe ikifika hufanya kazi kwa nguvu zote. Watu wengi wanadhani baada ya hapo mambo hutulia. Sivyo. Kwa mwanamke, mafuta huendelea karibu kiwango kile kile hadi hedhi inapokoma. Kwa mwanamume, yanaweza kuendelea hadi baada ya miaka 70. Uso wa mtu wa miaka arobaini unaotoa mafuta unafanya kazi kama ulivyoumbwa, na mwenye uso huo hakukosea popote.

Halafu kuna joto. Watafiti wa Uingereza walipima jambo hili mwaka 1970 wakaona kwamba joto la ngozi likiongezeka kwa nyuzi moja ya Selsiasi, kiasi cha mafuta kinachotoka huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Basi anayehamishiwa kazi kutoka Mbeya kuja Dar es Salaam mwezi wa Februari asishangae. Atalaumu maji ya bomba, atalaumu chakula cha mama ntilie, kumbe ni joto la hapa.

Chakula nacho kina neno lake, ila si lile tulilozoea kuambiwa. Mafuta ya chipsi na ya mandazi hayapandi kutoka tumboni hadi kwenye paji la uso. Kinachotiliwa shaka kwa ushahidi zaidi ni vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, yaani soda, mikate myeupe, chai ya sukari nyingi, na kwa baadhi ya watu maziwa. Sukari ikipanda, insulini hupanda, na insulini huichochea tezi. Mabadiliko utakayoyaona usoni kwa kuacha soda ni madogo, lakini hayana hasara. Sitasema zaidi juu ya hilo, maana wengi wenu mngependa nitaje chakula kimoja cha kulaumiwa, na sina.

Sasa nije kwenye sabuni, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojiumiza. Wapo wanaosema ukiosha uso sana, tezi inajua kwamba mafuta yamepungua, nayo inaongeza bidii. Maneno haya yameenea mno, hata kwa wauza vipodozi. Mwaka 1958, huko Philadelphia, Albert Kligman na Walter Shelley waliichunguza hoja hiyo wakakuta kwamba tezi haisubiri habari kutoka juu. Inatoa mafuta mfululizo, yawe yamefutwa au yameachwa. Ukifagia uwanja chini ya mwembe, mwembe hauongezi kudondosha majani kwa sababu umefagia, wala hauachi. Saa chache baada ya kunawa, kiwango cha mafuta hurudi pale pale kilipokuwa.

(Kligman huyo ndiye aliyeleta tretinoini kuwa dawa ya chunusi mwishoni mwa miaka ya 1960, dawa ambayo mpaka leo tunaiandika kila siku. Ndiye pia aliyefanya majaribio kwa miaka mingi juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao watu weusi. Mnapoona tyubu hiyo dukani, ni haki mjue kwamba baadhi ya elimu iliyomo ilitoka katika migongo ya watu wasiokuwa na uhuru wa kukataa.)

Kwa hiyo kunawa mara sita kwa siku hakuongezi mafuta, ila hakuyapunguzi pia. Kinachofanyika ni kitu kingine. Uso una uchachu wake, pH ya karibu 5. Sabuni za kipande tunazofulia na nyingi za kuogea zina pH ya 9 hadi 10. Ukiusugua uso kwa sabuni hiyo na dodoki asubuhi, mchana na usiku, unaubomoa ukuta wa juu wa ngozi, maji yanavuja, ngozi inakakamaa na kuwasha, na chini yake tezi inaendelea na kazi yake. Ndipo anapopatikana yule mgonjwa wetu aliyekaukiwa na mwenye mafuta.

Nawa mara mbili, asubuhi na usiku, na mara ya tatu ukitokwa jasho jingi. Tumia sabuni laini ya maji ya kuoshea uso, vidole vyako, na maji ya kawaida. Mchana chukua karatasi ya shashi, igandamize pajini, puani na kidevuni, usisugue. Mtu anaona jambo hili ni dogo mno kuwa ushauri wa daktari, lakini linaondoa mng'ao bila kudhuru kitu.

Jambo jingine linatuhusu sisi zaidi ya watu wa Ulaya. Tumelelewa tukiogopa kupauka. Mtoto akitoka bafuni hupakwa mafuta mpaka magoti yang'ae, na mama anayemtoa mtoto nje akiwa amepauka husemwa na majirani. Desturi hiyo ina maana yake, kwa sababu ngozi nyeusi ikikauka huonyesha weupe haraka. Lakini tunakua na kopo lile lile la mafuta mazito mkononi, na kile kinachoifaa miguu tunakipaka usoni pia. Mwaka 1970 Kligman na wenzake walieleza aina ya chunusi waliyoikuta kwa Wamarekani weusi, vipele vidogo vidogo pajini na kwenye panja, karibu na nywele. Chanzo chake kilikuwa mafuta ya nywele. Nikiona vipele vya namna hiyo katika mstari wa nywele, swali langu la kwanza ni: unapaka nini kichwani? Mara nyingi jibu ni mafuta mazito, na mara nyingi ni mafuta ya nazi, ambayo usoni huziba vinyweleo vya watu wengi. Kichwani na mwilini yana faida zake, sitaki kugombana na bibi zetu. Usoni kwa mwenye ngozi ya mafuta, yaacheni. Ukihitaji kulainisha uso baada ya kunawa, tafuta losheni nyepesi ya maji au ya jeli, na uipake kidogo.

Bibi zetu hao hao, hata hivyo, walituachia kitu cha kufaa. Mmewaona wakikaa kwenye mkeka na jiwe la msio, wakisugua kijiti cha liwa kwa matone ya marashi mpaka itoke rojo laini, kisha wakajipaka usoni na kuiacha ikauke. Liwa ikikauka hunyonya mafuta ya juu na kuuacha uso umetulia kwa muda. Udongo mweupe wa kaolini unaouzwa madukani kama barakoa ya uso hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ninachoomba ni mambo mawili tu. Iwe liwa halisi uliyoiona ikisagwa, siyo unga wa pakiti uliochanganywa na mtu usiyemjua. Na ujue kwamba faida yake inadumu saa chache; tezi haijabadilika. Mtu akikuambia liwa yake inafunga tezi, anauza maneno.

Ndimu ni habari nyingine. Sielewi nani aliyetufundisha kupaka ndimu usoni kisha kutoka nje. Maji yake ni makali kupita uwezo wa ngozi, na yana kemikali ambayo ikikutana na jua huunguza, ikaacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Dawa ya meno juu ya chunusi, magadi, spiriti ya kusafishia vidonda: vyote hivyo viingie katika kapu hilo hilo.

Nimefika mahali ninapotaka kukaa kidogo.

Ngozi yenye mafuta huziba, ikiziba huota chunusi, na chunusi kwenye ngozi yetu ikipona huacha doa jeusi. Kwa Mzungu mara nyingi doa ni jekundu na hufifia baada ya wiki au miezi kadhaa. Kwetu linaweza kukaa mwaka. Nimewaona watu wanaosahau mafuta na kusahau chunusi, wakabaki kupigana na madoa, na hapo ndipo mtu wa saluni anapomwambia mmoja wao, "Nitakuchanganyia." Kopo halina jina. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, au zebaki, au krimu ya steroidi kali kama klobetasoli, au vyote kwa pamoja. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda, na Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliziagiza nchi wanachama ziache kutengeneza na kuingiza vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki. Bado vinapatikana sokoni, mchana kweupe.

Wiki za mwanzo mkorogo huo unapendeza. Steroidi inatuliza uvimbe, ngozi inalainika, doa linafifia, hata mafuta yanaonekana yamepungua. Baada ya miezi michache, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi mpya zinatoka kwa wingi, zote za umri mmoja, zote za sura moja. Mtu akiacha ghafla, uso unawaka na kuvimba, hivyo anarudia kopo. Kama yupo humu ndani aliye katika hali hiyo, na katika ukumbi mkubwa kama huu hakosekani, asiache peke yake nyumbani wala asione haya. Inatibika, ila inachukua muda na inahitaji mtu wa kukushika mkono.

Sasa dawa zenyewe. Nitazitaja kwa kufuata zinapofika.

Zipo zinazobaki juu na katika kinyweleo. Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 huyeyuka katika mafuta, hivyo huingia kinyweleoni na kulegeza kilichoziba. Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi, na asilimia 2.5 inatosha, ile ya 10 huongeza kuchubua tu, pamoja na kupausha mito na mataulo yenu. Tretinoini na adapalini huzuia kuziba na husaidia madoa kufifia, ingawa uwezo wake wa kupunguza mafuta yenyewe haujathibitika vizuri kwa binadamu. Asidi ya azelaiki ninaipenda kwa ngozi yetu, kwa sababu inatibu chunusi na doa kwa pamoja, na hata mjamzito anaweza kuitumia. Na niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, ilijaribiwa Japani ikiwa na nguvu ya asilimia 2, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha mafuta yakipungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Upungufu wenyewe ni wa wastani. Lakini ni bei nafuu, haiunguzi, na ndiyo ningemwanzishia mtu ambaye shida yake ni mng'ao bila chunusi. Anza na kitu kimoja, ukipe wiki sita hadi nane, ndipo uongeze kingine. Anayeanza na vitano kwa pamoja akiungua hatajua kipi kimemuunguza. Na paka krimu ya kukinga jua, nyepesi, kwa sababu jua ndilo linalolikoleza doa.

Zipo zinazoifikia tezi. Kwa wanawake, baadhi ya vidonge vya majira vyenye homoni mbili hupunguza mafuta, na spironolaktoni, dawa ya zamani ya presha na ya kutoa maji mwilini, huizuia homoni ya kiume isiiguse tezi. Mjamzito haitumii, na wanaume hatuwapi, maana inaweza kuwaotesha matiti. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha klaskoteroni, krimu ya kwanza inayoizuia homoni hiyo pale pale kwenye ngozi, kwa ajili ya chunusi, na wanaume pia wanaweza kuipaka.

Kisha isotretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Hii ndiyo inayoisinyaza tezi kweli. Mafuta yanaweza kupungua hadi asilimia 90 ndani ya wiki sita, na mgonjwa huja akilalamikia midomo iliyopasuka, kinyume cha alichokililia mwanzo. Nasema wazi: ni dawa ya chunusi kali, zile zinazoacha makovu. Inalemaza mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke hawezi kuitumia bila uzazi wa mpango wa uhakika, kuanzia mwezi mmoja kabla hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza. Damu hupimwa, kwa ajili ya ini na mafuta ya damu. Haichanganywi na doksisaiklini. Na kwa watu wengi mafuta hurudi baadaye, walau kwa sehemu. Mtu anayeinunua dukani bila kupimwa kwa sababu tu uso unang'aa kwenye picha za harusi, mimi namwona anacheza na moto, na anayemuuzia ana kosa kubwa zaidi.

Mafuta mengine ni dalili. Mwanamke ambaye hedhi zake zinarukaruka, ndevu zinaota kidevuni na uso umeanza kutoa mafuta kuliko zamani, apimwe homoni na ovari. Aliyewekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango na chunusi zikafuata, amwambie muuguzi. Ni athari inayojulikana, na zipo njia nyingine, ila asikitoe kabla ya kupata njia badala. Kijana wa mazoezi anayechoma sindano za kujenga misuli, chanzo anakijua mwenyewe. Mwenye magamba ya mafuta kwenye nyusi na mikunjo ya pua, yanayofanana na mba, hana ukavu wa kutibu kwa mafuta zaidi. Ule ni mwasho unaochochewa na fangasi wanaokula mafuta, na krimu au shampuu ya ketokonazoli humsaidia. Magamba hayo yakitokea ghafla na kwa wingi, apime pia virusi vya UKIMWI. Na mzee ambaye uso wake umeanza kutoa mafuta pamoja na mkono kutetemeka na hatua kufupika, aonwe na daktari kwa ajili ya ugonjwa wa Parkinson. Kuna mama mmoja wa Scotland, Joy Milne, aliyeunusa ugonjwa huo kwa mumewe miaka mingi kabla haujatambuliwa, na wanasayansi wa Manchester walipomfuatilia wakaonyesha, mwaka 2019, kwamba harufu ile ilikuwa katika mafuta ya ngozi.

Mtaniuliza pa kwenda. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wamejaa mijini. Lakini tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha maofisa tabibu na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi, na wengi wao wanafanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya. Ulizeni kliniki ya ngozi iko siku gani. Siku hiyo usipake chochote usoni, nawa tu. Beba kila unachopaka ndani ya mfuko mmoja, sabuni, mafuta ya nywele, poda, dawa za kumeza, na lile kopo lisilo na jina ulilolificha nyuma ya kabati. Hilo hasa usilisahau.